Mbegu zilizotiwa dawa: Hatari kwa bustani za Juba iko wapi hasa?

KILA mwaka mvua za Aprili zinapokaribia, maduka ya pembejeo mjini Juba hujaza rafu zao makopo na pakiti za mbegu za mboga. Nyingi zimepitia mpaka wa Nimule zikitoka Uganda na Kenya. Ukifungua baadhi ya pakiti hizo unakuta mbegu za nyanya zenye rangi ya waridi, kabichi za buluu, au bamia za kijani kilichokolea ambacho hakuna bamia aliyewahi kuzaliwa nacho. Rangi hiyo si urembo. Ni alama kwamba mbegu imepakwa dawa ya kuua kuvu, au ya kuua wadudu, au zote mbili.

Watu wenye bustani za nyumbani Gudele, Munuki na Gumbo, wakijua kwamba ninaandika habari za kilimo, huniuliza swali moja kuhusu mbegu hizi: je, mboga iliyoota kutokana nazo ni salama kuliwa? Ni swali la haki. Lakini nimefika mahali pa kuamini kwamba linaelekezwa upande usio na hatari kubwa, na kwamba kwa sababu hiyo hatari yenyewe inapita bila kuulizwa.

Kwanza msomaji aelewe bustani ninazozizungumzia ni za namna gani. Si za kujifurahisha jioni baada ya kazi. Tangu vita ilipoanza Desemba 2013, na mapigano yaliporudi ndani ya jiji Julai 2016, mboga iliyo nyuma ya nyumba imekuwa sehemu ya chakula cha familia nyingi za Juba. Pauni ya Sudan Kusini imeporomoka mwaka hadi mwaka, na nyanya inayotoka Uganda kwa lori hupanda bei kila barabara ya Nimule inapopata matatizo. Kwa hiyo watu wamepanda sukuma wiki kwenye magunia, bamia kando ya uzio, na khudra, ile ambayo Tanzania tunaiita mlenda, kwenye tuta dogo karibu na mahali pa kuoshea vyombo. Mtu wa namna hiyo akipoteza miche yake yote kwa wiki moja, amepoteza kitoweo cha miezi miwili.

Na miche hupotea. Kuna ugonjwa ambao mabwana shamba wetu huuita kinyausi. Mche huota vizuri, halafu asubuhi moja unaukuta umelala chini, shina limeoza pale linapogusana na udongo. Kuvu wanaousababisha wanaishi ardhini, na hupenda kitalu chenye maji mengi na miche iliyobanana. Dawa kama thiramu, kaptani na metalaksili hupakwa kwenye mbegu ili kuulinda mche katika siku zile za mwanzo. Nyingine, kama imidaklopridi, ni za wadudu. Hizo hazibaki juu ya ganda tu, huingia kwenye utomvu na kupanda na mmea, ili vidukari na inzi weupe wanaofyonza majani wafe.

Sasa tufanye hesabu. Gramu moja ya mbegu za nyanya ina mbegu zipatazo 300. Tuchukue mfano wa mbegu iliyopakwa gramu 3 za dawa kwa kila kilo. Hapo kila mbegu moja inabeba takribani miligramu 0.01. Mnyanya mmoja ukizaa kilo 3, na hata tukisema dawa yote ile imehamia kwenye matunda, jambo ambalo haliwezekani, kila kilo ya nyanya itakuwa na miligramu 0.003. Umoja wa Ulaya, ambao kwa mambo haya ni mkali kuliko wengi, huweka miligramu 0.01 kwa kilo kuwa kikomo cha dawa ambayo haikuwekewa kiwango chake maalumu. Tupo kwenye takribani theluthi moja ya kikomo hicho, na hapo tumeihesabu dawa yote bila kutoa iliyobaki ardhini na iliyooza.

Kwa hiyo, kwa nyanya, kabichi, biringanya na kitunguu, mboga zinazokaa shambani miezi miwili, mitatu au zaidi kabla ya kufika chunguni, sioni sababu ya mtu kukosa usingizi. Anayemtisha mama wa Gumbo kwamba nyanya yake ina sumu kwa sababu mbegu ilikuwa ya waridi anamwonea bure.

Lakini hesabu hiyo haifanyi kazi kwa kila mboga, na hapa ndipo ninapotofautiana na wauza mbegu wanaosema "ni salama" kisha wanyamaze. Sisi wa Afrika Mashariki na majirani zetu wa Sudan Kusini tunakula majani: majani ya kunde, ya maboga, ya maharage. Mtu anapanda kunde, anasubiri wiki tatu, anang'oa miche iliyobanana na kuipika. Mbegu ya kunde ni kubwa, ina uzito wa karibu gramu 0.15. Kwa kiwango kilekile cha gramu 3 kwa kilo, inabeba miligramu 0.45. Kama ni dawa inayopanda na utomvu, na tuseme ni sehemu moja tu ya ishirini inayofika majanini, mche wenye gramu 10 utakuwa na dawa ambayo kwa uzito wa kilo ni kama miligramu 2. Hiyo ni zaidi ya mara 600 ya ile ya nyanya. Si kiasi cha kumwangusha mtu mezani. Ila ni jambo jingine kabisa, na vipimo vya usalama vya mbegu hizo hufanywa kwa zao lililoandikishwa. Kama zao hilo ni punje kavu ya kunde inayovunwa baada ya miezi miwili au zaidi, hakuna aliyepima mboga ya majani ya wiki ya tatu.

Msimamo wangu kwa hiyo ni huu: mbegu yoyote ambayo majani yake machanga yataliwa, au ambayo miche yake itapunguzwa na kupikwa, isiwe imetiwa dawa. Kunde, maboga, mchicha, khudra, jirjir. Kwa bahati nzuri, hizo ndizo mboga ambazo mtu anaweza kujiwekea mbegu mwenyewe bila kumtegemea mwenye duka. Na inafaa isisahaulike kwamba ua la boga linahitaji nyuki, na imidaklopridi na jamaa zake ni adui wa nyuki. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake mashambani mwaka 2018, ukaruhusu tu ndani ya mabanda ya kudumu. Mwaka huohuo ulikataa kuendeleza kibali cha thiramu. Mtu anaweza kuuliza kwa nini kilichokataliwa huko kiendelee kuwa cha kawaida huku, na mimi pia nauliza, ila kwa leo niyaache hayo, kwa sababu kuna jambo lililo karibu zaidi na mlango wa nyumba.

Jambo hilo ni mbegu yenyewe kabla haijafukiwa. Hesabu ile ya nyanya ilitutuliza kwa sababu tuligawa dawa ya mbegu moja kwa kilo za matunda. Sasa igeuze. Kilo mbili za kunde au mahindi yaliyotiwa dawa, zikiwa ndani ya nyumba, ni gramu 6 za dawa hiyo zikiwa kwenye kitu kinachofanana kabisa na chakula. Mbegu za mboga ndogo kama nyanya hakuna atakayezipika. Lakini kunde, maharage, mahindi, hata bamia na maboga, hizo zinaweza kuingia chunguni, au zikamwagika uani kuku wakazidonoa, au mtoto akazichezea kwa kuvutiwa na rangi. Thiramu ikiingia kwenye chakula cha kuku huwapinda miguu na kuwafanya watage mayai yenye ganda laini. Kwa binadamu huwasha ngozi na koo, na ina tabia moja ambayo wengi hawaijui: inazuia mwili kuvunja kilevi. Mtu akipanda mchana kwa mikono mitupu, jioni akapitia pombe, anaweza kuwaka uso, moyo ukaenda mbio, akatapika, na akadhani amerogwa au pombe ilikuwa mbaya.

Mfano mkubwa wa mbegu kuingia chunguni ni wa Iraq. Baada ya ukame, serikali ya nchi hiyo iliagiza ngano ya mbegu kutoka Mexico, na mwishoni mwa mwaka 1971 ikagawiwa wakulima, zaidi ya tani 73,000, pamoja na shayiri zaidi ya tani 22,000. Ilikuwa imepakwa dawa ya zebaki na kutiwa rangi ili watu wajue. Maandishi ya tahadhari kwenye magunia yalikuwa ya Kihispania na Kiingereza. Sehemu ya shehena ilifika kwa wakulima wakati msimu wa kupanda umekwisha, wao wamekwisha kutumia mbegu zao wenyewe. Wakawa na magunia ya ngano nzuri ndani na hakuna pa kuipanda.

Wengine hawakuwa wajinga hata kidogo. Waliwapa kuku kwanza, wakasubiri siku chache, kuku hawakufa. Wengine waliiosha ngano mpaka rangi ikatoka, wakaamini sumu imetoka nayo. Rangi ilitoka, zebaki ikabaki. Wakasaga, wakaoka mkate nyumbani. Dalili zilianza baada ya wiki kadhaa: ganzi mikononi na mdomoni, kuyumba, kutoona, kutosikia. Waliolazwa hospitalini walikuwa 6,530, na waliofia humo 459. Waliokufa vijijini bila kufika hospitali hawamo katika hesabu hiyo. Uturuki nayo ilikuwa imepata maafa ya ngano ya mbegu katika miaka ya 1950, kwa dawa nyingine, na maelfu waliugua.

Dawa za leo si za zebaki, na ni wajibu wangu kulisema hilo waziwazi. Ukali wake haulingani. Lakini kila kilichotokea Iraq nje ya zebaki kinaweza kutokea Sudan Kusini: mbegu zilizochelewa, njaa ndani ya nyumba, lugha isiyosomeka, na mtu mwenye akili anayeosha rangi akidhani ameosha sumu.

Njaa tunaijua. Februari 2017 baa la njaa lilitangazwa rasmi katika kaunti za Leer na Mayendit. Mwaka 2025 tathmini ya usalama wa chakula ilikadiria kuwa watu milioni 7.7 wangekuwa katika hali mbaya ya njaa kati ya Aprili na Julai, na miezi hiyo ndiyo hasa ya kupanda. Mashirika ya misaada yanajua maana yake. Ndiyo maana wanapogawa mbegu hupenda kugawa na chakula kwa wakati mmoja, kwa kuwa familia isiyo na chakula itakula mbegu, na hakuna wa kuilaumu. FAO na wenzake wamegawa vifurushi vya mbegu za mboga na nafaka nchini humo kwa miaka mingi. Bustani ya Juba iliyopata mbegu dukani haina mpango wa namna hiyo. Aliyenunua kunde za kupanda kwa pauni zake, mvua ikachelewa wiki tatu, anazitazama kila siku zikiwa kwenye kopo jikoni.

Lugha nayo. Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya Sudan Kusini tangu uhuru wa mwaka 2011, na pakiti zinazotoka Kampala na Nairobi zimeandikwa Kiingereza. Lakini sokoni watu huzungumza Kiarabu cha Juba, nyumbani Kibari, Kidinka, Kinuer au lugha nyingine, na wengi waliorudi kutoka Kakuma na kambi za Uganda wana Kiswahili. UNESCO ilikadiria mwaka 2018 kwamba watu wazima wanaojua kusoma na kuandika nchini humo ni kama asilimia 35. Kwa hiyo onyo lililoandikwa vizuri kwa Kiingereza kizuri linamfikia nani?

Hata hivyo mara nyingi onyo hilo halifiki kabisa, kwa sababu ya jambo nililoliona kwa macho yangu kwenye zaidi ya duka moja. Mteja wa bustani ya nyumbani hana fedha ya kununua kopo zima. Muuzaji analifungua, anapima kwa kijiko au kifuniko cha chupa, anafunga kwenye kipande cha nailoni, anapokea fedha. Lebo inabaki dukani na kopo. Mteja anaondoka na mbegu za rangi bila jina la dawa, bila tarehe, bila picha ya fuvu. Mikono iliyopima ndiyo itakayopokea chai. Simlaumu mwenye duka kwa kuuza kidogo kidogo, maana bila hivyo wateja wake wangekosa mbegu. Ninachouliza ni kwa nini wenye viwanda, wanaojua fika kwamba sehemu ya soko lao ni ya kijiko, hawafungi pakiti za gramu mbili zenye picha.

Kuna wanaoitegemea rangi kuwa uthibitisho wa ubora. Nawaonya pia. Utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2017 uligundua kwamba mbegu chotara za mahindi zilizokuwa zikiuzwa kwenye maduka ya kawaida zilikuwa na ubora wa chini kiasi kwamba ni kama chini ya nusu yake ndiyo ilikuwa mbegu halisi. Na udanganyifu wa kupaka punje za kawaida rangi ili zionekane mbegu ni wa siku nyingi katika eneo letu. Kwa hiyo rangi inaweza kukudanganya pande zote mbili: iko, lakini mbegu si bora, au imeoshwa, lakini dawa ingalipo.

Je, mtu wa bustani ndogo anaihitaji dawa hiyo? Nadhani kwa sehemu kubwa hapana. Kupaka mbegu kulipata umaarufu kwenye mashamba makubwa ya nchi za baridi, ambako mbegu hulala kwenye udongo baridi wiki nyingi kabla ya kuota. Udongo wa Juba ni wa moto. Nyanya huota ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Mwenye kitalu cha hatua mbili anaweza kukiinua tuta, akapanda kwa nafasi, akamwagilia asubuhi badala ya jioni, akachoma takataka kavu juu ya udongo kabla ya kusia. Kinyausi hakitakwisha, lakini kitapungua sana. Mwenye shamba la ekari tano hawezi kutazama kila mche. Mwenye gunia la sukuma wiki anaweza.

Kwa magonjwa yanayosafiri ndani ya mbegu ipo njia ya zamani ya maji moto: nyanya na kabichi nyuzijoto 50 kwa dakika 25, sukuma wiki dakika 20, kisha zipoozwe na kuanikwa. Lakini bila kipimajoto usijaribu, utakuwa umepika mbegu. Kunde za kuhifadhi msimu ujao zinatosha kukaushwa vizuri juani na kuchanganywa na majivu makavu dhidi ya fukusi.

Najua jibu la wataalamu wa mbegu. Watasema mbegu chotara ya nyanya au kabichi mara nyingi haipatikani bila dawa, na kwamba chotara hiyo inastahimili mnyauko kuliko ile ya kienyeji. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi ziachwe zote. Mwenye kutaka chotara ya kabichi aichukue, mradi ainunue ikiwa kwenye pakiti yake iliyofungwa, avae hata mfuko wa nailoni mkononi, asipande akiwa na mtoto mgongoni, anawe kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine, na asihamishie mbegu kwenye kopo la chumvi au la maziwa. Iliyobaki aipande au aifunge katika pakiti yake na kuitundika mahali pasipofikiwa na watoto wala kuku. Kuiosha ili iliwe, kamwe.

Lakini mashauri kwa mama mwenye bustani yana mwisho wake. Kuna kazi ambayo si yake. Mwongozo wa FAO na WHO kuhusu viuatilifu wa mwaka 2014 unataka lebo iwe katika lugha na michoro ambayo mtumiaji ataielewa. Mbegu iliyopakwa kiuatilifu isitendewe kana kwamba imetoka kwenye kanuni hiyo kwa sababu tu inaitwa mbegu. Sudan Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016, na wazalishaji wa mbegu wa Uganda na Kenya wanaiona kuwa soko lao. Hawawezi kudai soko na kukataa gharama ya kuchapa fuvu, chungu chenye mkasi wa msalaba juu yake, na maneno manne ya Kiarabu cha Juba.

Mamlaka za Juba nazo zimeonyesha kwamba zikitaka kukagua zinakagua. Mwaka 2023 malori ya mahindi kutoka Uganda yalizuiwa mpakani kwa madai ya sumukuvu, na kelele zake zilisikika mpaka Kampala. Kelele kama hizo kuhusu mbegu sijazisikia. Sumukuvu inahitaji maabara, sampuli na siku za kusubiri majibu. Kwa mbegu, mkaguzi aliyesimama Nimule anachohitaji ni kufungua katoni moja, kuchukua pakiti ndogo kuliko zote, na kumpa dereva wa boda boda aliye karibu amwambie, kwa kutazama tu, kama kilichomo ndani ni cha kula au cha kupanda.